Vitumbua vya Kwanza

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya upishi, Tanga

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliofunga genge mapema ili mje hapa, na nyinyi wahitimu mliovaa kofia ambazo bado zina mikunjo ya dukani: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nimeambiwa nina dakika ishirini. Nitazitumia kumsema mtu. Kumsema kwa wema, msiogope.

Lakini nianze na langu. Miaka kadhaa iliyopita kituo kimoja cha televisheni, sikitaji, kiliniita nikaoneshe watu namna ya kupika vitumbua. Nikafika alfajiri, unga wangu wa mchele umeshaumuka, mkononi kikaango cha chuma nilichoachiwa na mama, cheusi tii. Kijana wa kamera akakitazama kikaango kile kama kaletewa msiba. "Mama, hiki hakitatoka vizuri kwenye picha." Wakaniletea kipya, kinang'aa, bado kimebandikwa bei. Mnacheka kwa sababu mnajua. Chuma kipya hakijanywa mafuta. Kitumbua cha kwanza kikashika, cha pili kikashika, cha tatu nikakichokonoa kwa kijiti kikatoka vipande vipande. Nikaanza kuwaeleza watazamaji: jamani, mkiona hivi msibabaike, pakeni mafuta tena, mwache chuma kishike moto sawasawa, hivi vya kwanza wapeni kuku. Kijana akapaza sauti: "Kata hapo!" Yote yale hayakuonekana. Kilichorushwa hewani ni mimi nimetabasamu, na sinia la vitumbua laini vya mviringo, kama vilizaliwa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata sokoni mama mmoja akanishika mkono: "Wewe mama, mbona vyangu vinashika? Kuna kitu umetuficha."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemficha. Ndipo nilipoanza kutafuta ni nani aliyewahi kupika mbele ya kamera bila kuficha, na nikampata mwanamke wa Marekani aliyeitwa Julia Child.

Alizaliwa Pasadena, California, tarehe 15 Agosti 1912, katika nyumba ya watu wenye uwezo, nyumba yenye mpishi wa kuajiriwa. Maana yake jikoni hakuwa na kazi. Alirefuka mpaka sentimita 188, akasoma historia chuoni, akamaliza 1934, akafanya kazi ya kuandika matangazo ya duka la samani New York. Vita vilipokuja alitaka kuingia jeshini, urefu ukamnyima nafasi, akaishia kwenye idara ya ujasusi ya Marekani ya wakati ule. Huko aliwahi kuwa katika kitengo kilichotengeneza dawa ya kuwafukuza papa, ya kuwakinga wanajeshi na marubani waliotumbukia baharini. Huwa napenda kusema hicho ndicho chakula chake cha kwanza kilichofanikiwa, kwa kuwa kilipikwa ili kisiliwe.

Idara ikampeleka Kandy, kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, kutunza mafaili ya siri. Hapo akakutana na Paul Child, mwanamume aliyemzidi miaka kumi na kuzidiwa naye kimo, aliyekwisha kuishi Ufaransa na aliyejua kula. Wakahamishiwa Kunming, China, vita vikaisha, wakaoana Septemba 1946. Bibi harusi ana miaka 34 na hajui kupika. Aliwahi kujaribu kumfurahisha Paul kwa kumpikia ubongo wa ndama kwenye mvinyo mwekundu, na bakuli lilikuwa la kutazamwa kwa jicho moja.

Mwishoni mwa 1948 Paul akapangiwa kazi katika ubalozi wa Marekani mjini Paris. Waliteremka melini Le Havre na gari lao, na njiani wakasimama kula mchana katika mji wa Rouen. Tarehe ni 3 Novemba. Wakaletewa chaza, kisha samaki bapa aitwaye sole, mzima, kakaangwa kwa siagi, kanyunyiziwa majani mabichi yaliyokatwakatwa. Basi. Samaki, siagi, majani, ndimu. Sisi watu wa pwani tunaweza kuuliza, samaki wa kukaanga ndiyo habari? Lakini yeye alikuwa amekua akila samaki aliyepikwa na mtu asiyempenda samaki. Mchana ule aliuhadithia maisha yake yote kama watu wanavyohadithia siku waliyookoka.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37, alijiandikisha chuo cha upishi cha Le Cordon Bleu, hukohuko Paris. Kwanza wakamweka kwenye darasa la kina mama wa nyumbani. Akaona hajifunzi kitu, akaomba kuhamishwa, akatupwa chini kwenye jiko la orofa ya chini pamoja na wanaume kumi na mmoja, wote askari wa zamani wa Marekani waliokuwa wakisomeshwa na serikali yao. Mwanamke ni yeye peke yake.

Mwalimu wao alikuwa mzee Max Bugnard, umri umepita miaka 70. Nataka mlione somo moja la mzee huyu, la mayai ya kuvuruga. Julia alidhani anayajua. Akayapiga kwa nguvu mpaka yakatoa povu, akayamimina kwenye kikaango cha moto mkali, mvuke juu. Mzee akamsimamisha. Akavunja mayai yake mwenyewe, chumvi, pilipili manga, akayachanganya taratibu kwa uma, bila fujo. Akapaka siagi kikaangoni, akashusha moto, akamimina, na akangoja. Kwa muda hapakutokea chochote. Mayai yametulia kama maji ya bwawa. Kisha yakaanza kuwa mazito ukingoni, ndipo mzee alipoingiza uma na kuanza kukoroga, akikiondoa kikaango motoni na kukirudisha, na mwisho akatia kijiko cha malai kuyazuia yasiendelee kuiva. Dakika chache, mayai mawili. Julia alikuwa ameyala mayai ya kuvuruga tangu utotoni na siku hiyo akagundua hajawahi kuyapika.

Pale pa kungoja ndipo wengi wenu mnapochemsha. Nimewaona kwenye mazoezi. Yai halijashika, mkono umeshaingia.

Akaja kuwa mpishi wa kurudia. Mayonezi ilimshinda wakati wa baridi, ikawa inakatika, mafuta upande na yai upande. Badala ya kusema leo mkosi, akaipika tena na tena, akapima, akabadilisha kitu kimoja kimoja, mpaka akagundua kwamba bakuli na yai vilikuwa baridi mno; ukipasha bakuli kidogo, inashikana. Alitengeneza mayonezi nyingi kiasi kwamba yeye na mumewe walishindwa kuila, nyingine akawa anaimwaga chooni. Ndugu zangu, mimi kumwaga chakula kunaniuma. Lakini mwenzetu huyu aliondoka na jibu, na jibu hilo halijaharibika mpaka leo.

Sasa mtihani. Wazazi, sikilizeni hapa, kwa sababu najua kuna kijana hapa ndani amerudia mtihani na nyumbani hamjamsamehe. Julia aliingia kwenye mtihani wa Cordon Bleu amejifunza mambo makubwa: samaki wa mvinyo, bata, sosi za kila namna. Akakuta karatasi inamtaka apike mayai ya kuchemsha kidogo yenye sosi, vipande vya nyama ya ndama vilivyookwa ndani ya karatasi, na kastadi ya karameli. Vyakula vya kijitabu kidogo cha chuo, ambavyo hakujisumbua kuvikariri. Hakukumbuka hata yai la namna ile linapikwaje. Akafeli. Alikasirika, hasa akijua kosa ni lake. Akarudi nyumbani, akakariri kijitabu, akaomba kurudia, akafaulu. Cheti chake ni cha 1951.

Kitabu nitakipita haraka, ingawa chenyewe hakikwenda haraka. Pamoja na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, alianza kuwaandikia Wamarekani namna ya kupika Kifaransa. Ilichukua karibu miaka kumi, huku Paul akihamishwa Marseille, Ujerumani, Washington, Oslo, na karatasi zikisafiri kwa posta. Mchapishaji wa kwanza akaukataa mswada kwa kuona ni mkubwa kupita kiasi. Mhariri Judith Jones wa kampuni ya vitabu ya Knopf akauona, akaupigania, kikatoka Oktoba 1961, kurasa zaidi ya 700. Julia ana miaka 49.

Na ndiyo televisheni ikaanzia hapo, tena kwa bahati. Mwaka 1962, wakiwa wamehamia Cambridge, Massachusetts, alialikwa kwenye kipindi cha kujadili vitabu cha kituo cha umma cha WGBH, Boston. Kipindi cha wasomi, viti viwili na meza. Yeye akabeba jiko dogo la umeme, kikaango na mayai, akawapikia kimanda papo hapo. Watazamaji wakaandika barua: mrudisheni yule mwanamke mrefu wa mayai. Barua zilikuwa 27, na kwa kituo kile zilikuwa nyingi. Nyinyi wenye kuhesabu wafuasi kwenye simu, kumbukeni kwamba kazi ile yote ilianza na watu 27.

Kituo hakikuwa na pesa, na studio yake ilikuwa imeungua moto mwaka uliotangulia. Wakaazima jiko la maonesho la kampuni ya umeme ya Cambridge. Kipindi kikaanza kuoneshwa tarehe 11 Februari 1963, picha nyeusi na nyeupe, na mpishi wake ana miaka 50. Wakakiita "The French Chef", yaani Mpishi wa Kifaransa, na Julia mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kwamba yeye si Mfaransa wala hajawahi kuwa mpishi mkuu wa hoteli yoyote. Jina lilifaa kwa kuwa lilikuwa fupi, likatosha kwenye safu ya ratiba magazetini.

Chakula cha kwanza kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa mvinyo mwekundu. Wengi wetu hapa tutaiacha mvinyo dukani, lakini kipo kitu kwenye mapishi yale ambacho hakina dini: kabla ya kukaanga, vipande vya nyama vinafutwa kwa karatasi kavu, kimoja kimoja. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. Halafu visirundikwe kikaangoni. Viwekwe vichache, viwe na nafasi, kila upande upate rangi ya kahawia. Nimekula mchuzi kwenye harusi kubwa kubwa za mji huu, siwataji wenyewe, na nikajua tangu tonge la kwanza kwamba nyama ile iliingia sufuriani yote kwa mkupuo mmoja, na maji yake.

Kuhariri mkanda wakati ule kulikuwa ghali na kwa shida. Kwa hiyo walirekodi nusu saa mfululizo, kama matangazo ya moja kwa moja. Ukianza, umeanza. Chini ya kamera waliinua vibao vya kumkumbusha awashe jiko lipi, au kwamba jasho linamtoka. Paul alibeba vyombo, alipanga, na mwisho aliosha masufuria. Tena msimtie utakatifu wa bure. Julia naye alikuwa na chungu kingine kimeshaiva ndani ya oveni, kwa sababu nyama ya kupikwa kwa muda wa saa tatu haiingii kwenye nusu saa. Na ule mvinyo aliouinua mezani mwishoni akisema "Bon appétit" ulikuwa maji yaliyotiwa rangi ya kukoleza mchuzi. Televisheni ni televisheni. Tofauti ni kwamba yeye chungu cha pili alikitoa mbele yako na kukwambia hiki kimepikwa kwa muda wa saa ngapi. Hakusema hiki ndicho kile.

Na siku moja akapika chapati nene ya viazi. Alikuwa na kikaango, viazi vimejaa, na wakati wa kuigeuza umefika kwa namna ya kuirusha juu. Unamwona anavyokitazama kikaango. Anasema hapa inataka ujasiri wa kutenda bila kusita. Akarusha. Nusu ikarudi kikaangoni, nusu ikamwagika pembeni juu ya jiko. Kamera inaendelea. Hakuruka, hakucheka kicheko cha aibu. Akasema haikwenda vizuri, akataja kwa nini: hakuwa na ujasiri wa kuirusha inavyotakiwa. Akazoa vipande kwa vidole, akavirudisha, akavibonyeza vishikane, akawaambia watazamaji kwamba kama uko peke yako jikoni, nani atakuona?

Watu waliipenda sana dakika ile hata wakaiongezea chumvi. Baada ya miaka wengine waliapa wamemwona akiangusha kuku sakafuni, wengine bata mzinga, wengine samaki. Hakuna kuku aliyeanguka. Ni viazi, tena juu ya jiko, wala si sakafuni. Lakini naelewa kwa nini kuku yule aliota miguu. Mama aliyekuwa nyumbani kwake, ambaye jana yake mambo yalimharibikia na akalia peke yake, alihitaji kuku mzima aanguke.

Mimi nilipoitazama mara ya kwanza sikucheka. Nilimkumbuka yule mama wa sokoni. Angalieni kilichomo mle: ameonesha kosa, ametaja chanzo chake, ameonesha namna ya kuliokoa. Hayo matatu ndiyo nilikuwa naanza kuyasema na kile kikaango kipya, nikaambiwa kata.

Nyinyi mtaingia kwenye televisheni, na kama si televisheni basi simu zenu. Nimeona video zenu. Sekunde arobaini, vidole, muziki, chapati inageuka yenyewe. Hamna moshi hata chembe. Mnapika kwenye nchi gani?

Tuzo za utangazaji alizipata, Peabody, kisha Emmy mwaka 1966, na mwaka huohuo sura yake ikatoka jalada la jarida la Time. Alikataa kulipwa ili asifie bidhaa za watu, jambo ambalo leo mtu akilifanya ataulizwa kama anaumwa. Lakini kinachonivutia mimi kuliko tuzo ni mkate.

Kwa ajili ya kitabu cha pili, kilichotoka 1970, walihitaji namna ya kuoka mkate mrefu wa Kifaransa kwenye oveni ya kawaida ya nyumbani. Kila mtu alijua haiwezekani, kwa sababu mwoka mikate wa kweli ana tanuri lenye sakafu ya moto na mvuke. Julia na Paul walijaribu kwa muda wa miaka miwili. Walitumia unga ratili 284, ambao ni karibu kilo 129, magunia mawili na nusu ya kilo hamsini. Wakaenda Paris kwa mwalimu Raymond Calvel, na mzee yule akawaonesha kwamba kila walichokuwa wakifanya ni kinyume: donge liwe laini na la kunata, liumuke polepole, likunjwe kwa namna yake. Sakafu ya moto wakaipata kwa kuweka vigae ndani ya oveni. Mvuke wakaupata kwa kutumbukiza kitu kizito kilichopashwa moto mwekundu ndani ya chombo cha maji. Kosa likajitokeza tena mwishoni kabisa: vigae vya mwanzo vilikuwa vya asbesto, na wakati huo ndiyo habari zilianza kutoka kwamba asbesto ni hatari. Wakatafuta vigae vingine, wakajaribu upya. Maelezo yake kitabuni ni kama kurasa 20. Kwa mkate.

Siwadanganyi kwamba namkubali kwa yote. Siagi yake ni nyingi, na alipoambiwa hivyo akaitetea kama ndugu yake. Na tuseme ukweli: aliweza kumwaga mayonezi kwa sababu mumewe alikuwa na mshahara wa serikali na wao hawakuwa na watoto wa kulisha. Wewe unayeanza na mtaji wa kukopa, ukiharibu kilo mbili za unga, ni faida ya siku imekwenda. Kwa hiyo wewe haribu kidogo kidogo. Jaribu na kikombe kimoja. Lakini andika ulichobadilisha, usiharibu bure.

Alifariki Agosti 2004, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 92. Jiko lake la Cambridge alikuwa ameshalitoa mwaka 2001 kwa makumbusho ya Smithsonian, Washington, nao wakalihamisha, mpaka visu. Meza zake ziko juu kuliko za kawaida, kwa sababu Paul alizipandisha zilingane na kimo cha mkewe. Ukutani kuna mbao zenye matundu, na juu yake Paul alichora mstari kuzunguka umbo la kila sufuria, ili kila moja irudi pake na ionekane ikikosekana. Nilipoona picha ya ukuta ule nilikwenda nyumbani na kipande cha mkaa nikachora mviringo ukutani, pale ninapotundika kikaango cha mama.

Dakika zangu naona zimekwisha, mwenyekiti ananitazama. Niongeze tangazo. Nje, chini ya mwembe, kuna vitumbua, nimepika tangu usiku na kikaango kilekile cheusi. Vizuri viko sinia la juu, la wageni. Vya kwanza, vilivyoshika na kukatika, navyo nimevileta, viko sinia la chini limefunikwa kwa kawa. Wahitimu, mtapita kwenye la chini kwanza, na kila mmoja atanieleza chake kimeharibiwa na nini: moto, mafuta, au unga.